Mhariri, rasimu za daftarini kwangu si za bure! Nimechoka kudhulumiwa

Wakuu, salaam kutoka Mtwara kuchele. Mimi ni mchoraji wa kujitegemea, na leo sitaki kuambiwa nipunguze hasira.

Mhariri wa jarida moja la Dar alinipa kazi mbili: picha ya makala ya mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria wa kale, na mbili za msimu wa korosho. Tukapatana laki mbili na nusu, nusu kwanza, nusu nikikabidhi. Mpaka leo nimepokea elfu sitini.

Ya mjusi nilisafiri hadi Lindi kwa nauli yangu, nikakaa ufukweni siku nzima na daftari. Mjusi mwenyewe kila mtu keshamchora. Mimi nilichora wapagazi, watu wetu wa Kusini, waliobeba ile mifupa vichwani kutoka Tendaguru hadi bandarini Lindi kati ya 1909 na 1913, ikapakiwa melini kwenda Ujerumani. Mjusi yuko Berlin hadi leo, kasimama mita 13 na ushee. Kwenye picha nilimweka nyuma, kwa mbali, kama kivuli juu ya msafara. Jarida linatoka, nafungua: wapagazi wote wamekatwa! Kabaki kivuli, kakuzwa kajaza ukurasa. Na sahihi yangu ilikuwa chini kule kwa wapagazi, nayo imekwenda.

Ya korosho ndiyo iliyonitoa machozi. Kila mtoto wa huku anajua korosho inaning'inia chini ya bibo, lile tunda lake, kwa nje. Nilichora hivyo. Yeye akaona imekaa kichwa chini miguu juu, akaigeuza bila kuniuliza, korosho ikawa juu kama kofia. Jirani yangu mwenye mikorosho akaniuliza, "Mwanangu, na wewe ni mtu wa wapi?" Nimjibu nini?

Sasa sikilizeni hili. Kabla ya kazi nilimpigia picha kurasa nne za daftari langu nikamtumia, achague mwelekeo tu. Zote kazichapa! Kuna mikono ya mama mmoja mbangua korosho, ncha za vidole zimekuwa nyeusi kwa mafuta ya ganda, kapaka majivu ili yasimuunguze. Nilikaa naye asubuhi tatu kuipata ile mikono, maana haitulii hata kidogo. Imebandikwa pembeni ya tangazo la magodoro, ndogo kama stempu. Nikamuuliza malipo yake. Kajibu: "Hizo si rasimu tu, kaka? Shukuru zimetoka, utajulikana."

Nitajulikana vipi na jina langu halimo popote?

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda mchoro, na inampa mchoraji haki ya kutajwa kwa kazi yake. Haijasema mchoro wa penseli wa daftarini ni halali ya kila apitaye. Meseji zote za makubaliano ninazo, na daftari lenye tarehe kila ukurasa ninalo.

Namdai laki moja na tisini iliyobaki, malipo ya zile kurasa nne, na toleo lijalo lichape picha ya wapagazi nzima, na jina langu chini yake. Kuna mdau yeyote aliyewahi kupeleka dai COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, akiwa huku mkoani? Nianzie wapi? Nielekezeni hapa hapa uzini, na wachoraji wengine waliokatwa hivi waseme.