Uncharted 2 wanatuuzia nusu halafu sisi tunapiga makofi, hivi tuna akili kweli?

Wakuu salaam. Mods naomba huu uzi msiuunganishe na ule wa "Uncharted 5 lini", hoja yangu ni nyingine kabisa na nataka isomwe yenyewe.

Kila Sony wakitangaza kuna State of Play, ile video yao ya kutambulisha gemu mpya, basi humu hapakaliki, Drake (shujaa wa gemu za Uncharted) anarudi, mara safari hii ni zamu ya bintiye Cassie, mara jamaa kaokota trela TikTok ya kutengenezwa na shabiki analeta humu anaapa kwa Mungu ni ya kweli. Druckmann mwenyewe, bosi wa Naughty Dog, studio inayotengeneza Uncharted, alishasema 2023 kwamba wao na Uncharted wamemalizana, wanafanya mengine, na Desemba 2024 tukaonyeshwa gemu yao mpya Intergalactic ambayo haina uhusiano wowote na Drake, lakini watu hawasikii. Sawa, shauku si dhambi, na hii siriz naipenda kuliko karibu wote mnaopiga kelele humu. Kinachoniuma ni kwamba nyie mnaolilia ya tano, ya pili mmeuziwa nusu tangu 2015 na hakuna aliyefungua mdomo. Hakuna hata mmoja!

Naongelea Uncharted 2: Among Thieves, ya Oktoba 2009, PS3. Wengi humu mnaisifia na mnasifia sawasawa. Unaanza Drake kajeruhiwa, damu tumboni, yuko kwenye behewa linaloning'inia kwenye jabali la theluji na hujui hata kafikaje. Stori inarudi nyuma, wizi wa makumbusho Istanbul, msitu wa Borneo kutafuta meli za Marco Polo zilizopotea (na hii historia ipo kweli, Polo aliondoka China 1292 na meli 14 na watu kama 600, wengi wao wakafia njiani kabla ya kufika Uajemi, jamaa wa Naughty Dog wakachukua hapo wakajenga hekaya yao ya Shambhala, mji wa siri wa kwenye visasili), halafu unaingia mji wa Nepal unaopigwa mabomu, halafu treni. Ile treni jamani! Inatembea kweli, milima inapita pembeni, unaruka behewa hadi behewa huku helikopta inakuandama, na hayo yote walifanya kwenye mashine yenye memori ya megabaiti 256 na 256 nyingine za picha. Simu ya bei chee ya leo inaizidi memori mara kadhaa. Halafu baada ya zile kelele zote wanakuweka kijijini kwa Tenzin huko Tibet, bunduki huna, unapita tu unasalimiana na watu kwa mikono. Wale watu walijua kupumzisha mchezaji, siku hizi sioni.

Sasa hiyo yote ni nusu. Narudia, NUSU.

Nusu ya pili ilikuwa maltipleya, yaani kucheza wengi kwa mtandao, ndani ya sidii ile ile, bei ile ile. Watano kwa watano, watu kumi ramani moja. Na haikuwa maltipleya ya kubandika ili kasha lionekane limejaa, maana ile kupanda na kurukaruka ya kwenye stori iliingia yote. Mnapigana ramani ya Plaza, jamaa kajificha nyuma ya ukuta, wewe unazunguka unapanda jengo unaning'inia kwenye dirisha la ghorofa unampiga ukiwa bado umening'inia kwa mkono mmoja. Kulikuwa na Train Wreck, Village, Temple, Lost City, kila ramani ina njia zake za juu na za chini. Mwenye bunduki kali peke yake hashindi, anayejua kupanda ndiye anayesumbua.

Halafu aina ya mchezo iitwayo Plunder. Hapa ndipo roho yote ya gemu ya kutafuta hazina ilipokuwa na ndipo nachemka zaidi. Sanamu moja ya hazina inakaa katikati ya ramani, timu mbili zinaigombania, kila timu ina sanduku lake. Ukiibeba unakuwa mzito, huwezi kukimbia kama wenzio, silaha ni bastola tu, kwa hiyo wenzako wasipokulinda umekwisha. Unaweza kuirusha, kwa hiyo unampigia mwenzio aliye juu, naye anamrushia wa mbele, huku wapinzani wote wameacha shughuli zao wanakukimbilia wewe. Kelele zake ni za mpira uwanjani! Mtu akiniambia Uncharted ni "muvi ya kubonyeza vitufe" najua hapo hapo huyu Plunder hakucheza, na simlaumu yeye, nawalaumu waliomnyima.

Na kulikuwa na ko-opu ya watu watatu, yaani mnashirikiana kupigana na maadui wa mashine. Drake na wenzake, mnasukuma milango pamoja, mmoja akianguka mnamwendea mnamnyanyua chini ya risasi, na ile Survival mawimbi ya maadui yanazidi kuwa makali mpaka mmoja wenu anaanza kutukana. Mimi nilikuwa nacheza na mtoto wa ami yangu aliyeko Muscat na rafiki yetu wa Mombasa, usiku sana ndiyo intaneti inapumua. Wale wa rika langu wanakumbuka, Julai 2009 kebo ya intaneti ya chini ya bahari ya SEACOM ndiyo kwanza imefika pwani yetu, Dar na Mombasa, kabla ya hapo ilikuwa setilaiti na ucheleweshaji wake, onlaini kwa mtu wa huku ilikuwa kitu cha kusoma kwenye magazeti ya gemu. Kebo imefika Julai, gemu imefika Oktoba. Kwa watu kama sisi hii ndiyo gemu ya kwanza tuliyocheza na ndugu aliye nchi nyingine na tukamsikia anacheka kwenye hedseti kama yuko chumba cha pili. Lagi ilikuwepo, nani anakataa, lakini tulicheza. Na PS3 onlaini ilikuwa BURE, hulipii PS Plus kucheza na mwenzio, hilo la kulipia limekuja na PS4.

Tukaja 2015. Wanatoa Nathan Drake Collection kwa PS4, gemu tatu kwenye sidii moja, kazi wamepewa studio nyingine, Bluepoint. Kwa upande wa picha sina neno, 1080p, fremu 60 kwa sekunde, wamegusa kila kitu kwa adabu. Lakini maltipleya ya ya pili na ya tatu wameitoa yote. Yote! Ko-opu nayo imeenda humo humo. Halafu sikilizeni hii, ukinunua ule mkusanyiko unapewa nafasi ya kujaribu maltipleya ya Uncharted 4, ile beta ya Desemba 2015. Yaani wanakunyang'anya maltipleya uliyoipenda, halafu ndani ya kasha hilo hilo wanakupa tikiti ya kuonja nyingine ambayo utainunua mwakani. Mwenye duka Kariakoo aliniuzia akaniambia "yote yamo humo", na nadhani yeye mwenyewe aliamini. Hiyo ni sawa na kuuziwa doti ya kanga ukifika nyumbani ukaikunjua unakuta kipande kimoja, na jirani zako wanakuja kukusifia rangi.

Halafu 3 Septemba 2019 wakazima seva za PS3, za Uncharted 2, za Uncharted 3, na The Last of Us ya PS3, gemu nyingine ya Naughty Dog, ikaenda nayo siku moja. Uncharted 2 haikufikisha hata miaka kumi. Sidii yangu ipo, kasha lipo, nyuma bado limeandikwa mambo ya onlaini na idadi ya wachezaji, ukiingia sasa hivi unakuta menyu ambayo haikupeleki popote. Nilinunua mali, mali ninayo mkononi, nusu yake imefungwa na mtu aliyeko California na hakuna kitu naweza kufanya.

Mkadhani wamejifunza? Januari 2022 Legacy of Thieves ya PS5, ndani yake Uncharted 4 na Lost Legacy, maltipleya hakuna. Oktoba mwaka huo huo ikaenda kwenye PC, hakuna. Kwa hiyo sasa si bahati mbaya, ni tabia.

Na humu nikasoma maoni, "gemu imekamilika, stori tamu, 10 kwa 10". Aprili 2020 wakati wa korona waliigawa ile Collection bure, ndiyo vijana wengi mkaipata hapo, na nafurahi kwamba mliipata. Lakini mkafundishwa kwamba ile ndiyo Uncharted 2 nzima. Siyo. Hamjui mlichonyimwa na kwa sababu hamjui hamdai, na wao wanaona hakuna anayedai, basi wanaendelea.

Najua majibu yatakayokuja kwa hiyo niyamalize hapa hapa. "Seva ni gharama." Sawa, nakubali, mwaka wa kumi wachezaji wamepungua na umeme unalipwa. Basi ukizima seva niachie njia ya kucheza bila seva! Niwekee LAN (mtandao wa ndani tu), niache niunganishe mashine mbili nyumbani kwa waya. Niwekee ko-opu ya kugawa skrini, maana kugawa skrini wanakujua vizuri, Uncharted 3 iliruhusu wawili kukaa kochi moja wakaingia onlaini pamoja kwenye PS3, mashine ile ile. Kwa hiyo uwezo walikuwa nao, nia ndiyo hakuna. Na mjue kwetu huku LAN na kugawa skrini si anasa. Vibanda vya gemu mtaani vimejaa vijana wawili wawili wamekaa benchi moja, wanacheza FIFA tu kwa sababu ndiyo inayokubali pedi mbili. Mngeweka Survival ya Uncharted 2 pale muone kama kuna mtu atasimama kwenda nyumbani.

"Maltipleya inakula stori." Hili ndilo linanipandisha presha kabisa. Uncharted 2 ilikuwa na maltipleya na ndiyo stori inayosifiwa kuliko zote za siriz, ina alama 96 kwa 100 Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki, ikabeba tuzo za gemu ya mwaka kila kona. Iliharibu nini? Tatizo siku hizi kampuni zinajua maltipleya ya aina moja tu, ile ya kukukamua kila wiki kwa miaka. Ndiyo maana Desemba 2023 Naughty Dog wakaifuta The Last of Us Online, wakasema wangeiendeleza ingewabidi studio nzima iitumikie miaka na miaka. Nani aliwaomba hiyo? Ya 2009 ilikuwa ramani chache, sanamu moja na watu kumi wenye hamu. Hiyo ilitosha kabisa!

"Mbona wewe Mbongo unalalamika, PSN (mtandao na duka la PlayStation) kwenyewe Tanzania haimo." Ndiyo, haimo, na hilo nalo linauma. Tunafungua akaunti kwa kujifanya tuko Uingereza au Afrika Kusini, tunanunua vocha kwa watu wa Instagram kwa bei waliyojipangia, siku akaunti ikifungwa huna pa kwenda kulalamika kwa sababu kwa karatasi zao wewe haupo. Lakini hela yetu inapita. Anayepitia njia ndefu hivyo ili anunue gemu yako ndiye wa mwisho kukatiwa nusu yake.

Wenzetu Ulaya wameamka. Ubisoft walipozima The Crew 31 Machi 2024, gemu ya 2014 ambayo bila seva haifunguki kabisa hata ukicheza peke yako, jamaa wa YouTube Ross Scott akaanzisha kampeni ya Stop Killing Games na kufika Julai 2025 ule mwito wa raia Ulaya ukavuka sahihi milioni moja. Wanachodai ni kidogo tu, ukiacha kuihudumia gemu uliyoiuza iache katika hali inayochezeka. Sisi hatuwezi kusaini ile maana si raia wa kule, lakini kupiga kelele hakuhitaji pasipoti. Hao wa kutengeneza trela za uongo wangetumia saa hizo kuandika chini ya kila posti ya PlayStation, rudisheni Plunder, rudisheni ko-opu, tungekuwa mbali.

Kwa hiyo siku ikija rimasta (toleo lililoboreshwa) nyingine ya Uncharted 2, na itakuja tu, maana hawa jamaa The Last of Us wameirudia mpaka basi, mimi kitu cha kwanza nitaangalia ni nyuma ya kasha panasema wachezaji wangapi. Ikiandikwa mmoja sinunui. Na Uncharted 5 hivyo hivyo, iwe na Cassie iwe na nani.

NAONGEZA: nimeona majibu tayari. Anayesema nihamie Fortnite, asante, sitaki Fortnite, nataka kitu nilichokilipia. Na mkuu aliyeuliza kama Survival bado inachezeka peke yako kwenye PS3, ko-opu yote ilikuwa inapitia onlaini, kwa hiyo usihangaike kununua PS3 ya yuzd kwa sababu hiyo, nunua kwa ajili ya stori. Wenye sidii ya 2009 wekeni picha za nyuma ya kasha hapa chini, wale wanaosema haya mambo nimeyaota wayaone yameandikwa.