Mafundi na wauzaji wa baiskeli za milimani Arusha, mtaua mtu kwa hizi breki

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sina mpango wa kusubiri zipoe.

Mafuta ya breki ya gari hayaingii kwenye breki za Shimano za baiskeli. Hayaingii. Hapa hakuna cha maoni wala cha "mimi nimefanya hii kazi tangu zamani". Breki za mafuta za kampuni za Shimano, Tektro na Magura zinatumia mafuta ya minerali. Nyingi za SRAM zinatumia DOT 5.1, ukoo mmoja na yale yanayomiminwa kwenye gari. Ndani ya liva na ndani ya kalipa, kile kibanio kinachosukuma pedi kwenye diski, kuna sili za mpira, na mpira huo umetengenezwa kwa ajili ya mafuta ya aina moja tu. Ukimimina DOT kwenye breki ya minerali, sili zinavimba, zinalainika, zinakufa. Kwenye liva yenyewe pameandikwa ni mafuta gani yanatakiwa. Fundi anayeifungua ana maandishi hayo mbele ya macho yake.

Sasa kuna duka moja hapa mjini, jina silitaji, duka lenye vioo, baiskeli zimening'inizwa dirishani, fundi amevaa aproni. Niliwapelekea baiskeli kwa kazi ndogo tu. Breki ya mbele ilikuwa imelegea, liva inaingia sana kabla haijakamata, dalili ya wazi kwamba kuna upepo ndani ya mfumo. Nikasema watoe upepo na kuongeza mafuta. Jioni nikaikuta tayari, liva imekaza vizuri, nikalipa nikaondoka.

Breki iliyowekewa mafuta yasiyo yake haifi palepale, na hapo ndipo penye hatari. Siku za mwanzo inashika kama kawaida, wewe unaiamini, unaanza kushuka kwa kasi yako ya siku zote. Kisha pistoni zinaanza kugoma kurudi. Unaachia liva, pedi zinabaki zimeng'ang'ania diski, gurudumu linalia, diski inachemka kiasi kwamba huwezi kuigusa. Nilidhani diski imepinda, nikawa nahangaika kuinyoosha. Halafu siku moja nashuka kutoka msitu wa Olmotonyi, ile njia ya vumbi jekundu yenye makorongo yaliyochimbwa na mvua, nikabana liva ya mbele ikaenda hadi kwenye hendeli bila kukamata kitu. Wanaoijua njia ile wanajua nani anapita pale: akina mama wamebeba kuni, watoto wanatoka shule, ng'ombe wanarudishwa nyumbani. Nilisimama kwa breki ya nyuma na ukingo wa shamba la mahindi. Angekuwepo mtoto katikati ya njia, leo nisingekuwa naandika uzi, ningekuwa kituoni natoa maelezo.

Nyumbani nikaifungua. Mafuta ya Shimano ni mekundu, wekundu wa waridi hivi, yanajulikana ukiyaona tu. Yaliyotoka pale yalikuwa ya manjano iliyopauka. Matone mawili matatu yakadondokea kwenye fremu, nikayafuta kwa kitambaa nikaenda kulala. Asubuhi yake rangi pale ilikuwa imetutumka, naikwangua kwa kucha inabanduka hadi chuma kinaonekana. Hiyo ndiyo tabia ya DOT, inakula rangi. Mafuta ya minerali hayafanyi hivyo.

Nikarudi dukani, nikasema kwa upole kabisa kilichotokea. Mwenye duka, si fundi, mwenye duka mwenyewe, akanijibu: "Chalii yangu, mafuta ya breki ni mafuta ya breki tu. Hata Fuso zinatumia hayahaya na zinashuka na tani kumi." Nikamwonyesha maandishi kwenye liva. Akasema hizo ni mbinu za kampuni za kuuza mafuta yao. Kisha akanishauri ninunue breki mpya. Kwake.

Na kwa kweli ndicho kilichobaki, kununua. Shimano hawauzi sili za ndani ya kalipa peke yake. Sili zikishavimba umepoteza kalipa, umepoteza liva, na mpira wa kupitisha mafuta nao huuamini tena. Kazi ya elfu chache imekula breki nzima ya mbele.

Kinachoniuma si hela peke yake. Kuna mzee anatengeneza baiskeli kando ya barabara kule Ngaramtoni, chini ya mti, vifaa vyake viko kwenye boksi la mbao. Nilimpitia kabla sijaenda kwenye hilo duka la vioo. Nikamwamkia, akaitazama breki, akaizungusha gurudumu, akaniambia, "Mwanangu, hizi za mafuta siziwezi, usinipe nikuharibie." Mzee huyu anasuka rimu ya Phoenix kwa jicho tu na inakaa sawa. Anajua kazi yake na anajua inapoishia. Yule wa aproni hajui inapoishia na hataki kusema hajui, kwa sababu duka lina vioo na mteja amekuja na baiskeli ya bei.

Msiniambie ni baiskeli tu. Hilo neno nimelisikia mpaka limenichosha. Mtu wa kilo 80 juu ya baiskeli ya kilo 14 kwenye mteremko wa Meru anafika kilomita 40 kwa saa bila kukanyaga pedeli hata mara moja. Hana bodi, hana mkanda, ana vidole viwili kwenye liva. Jamaa walioanzisha huu mchezo kule Marin, California, walikuwa wanashindana kushuka Pine Mountain, jirani na Mlima Tamalpais, kuanzia mwaka 1976 na baiskeli kuukuu zenye breki ya kukanyaga pedeli kinyumenyume. Haba, yaani kitovu cha gurudumu, ilikuwa inapata moto mpaka grisi inaungua na kutoa moshi, na kila wakifika chini wanaifungua na kuijaza grisi mpya kabla ya kupanda tena. Walijua wanashuka na nini. Sisi karibu miaka hamsini baadaye tunashuka tukiwa tumedanganywa.

Na si mafuta tu. Tangu jambo hili linitokee nimekuwa nasoma maandishi kwenye kila kifaa ninachouziwa, na nachefuka.

Diski za bei ya chini za Shimano zimegongwa maandishi kwamba ni za pedi za rezini peke yake. Mtu anaiondoa pedi ya rezini anaweka ya chuma, anakwambia "hii inadumu zaidi". Inadumu pedi, diski inaliwa. Ukimuuliza anakwambia pedi ni pedi. Wimbo uleule.

Matairi ndiyo usiseme. Niliuziwa tairi la "28" kwa maelezo kwamba linaingia kwenye rimu ya 29 "ukilivuta kidogo". Wakuu, namba ya kutazama si hiyo kubwa. Kuna namba ndogo ubavuni mwa tairi, mbili, katikati kuna kistari. Ya pili ndiyo kipenyo cha rimu kwa milimita. Rimu ya 26 ni 559. Ya 27.5 ni 584. Ya 29 ni 622. Lile tairi la 28 la Phoenix, la baiskeli za wazee wetu za kubebea mkaa, ni 635. Milimita 13 zaidi. Hata ukilivuta na babu yako halitakaa kwenye 622, linapwaya, na likitoka kwenye kona umekwisha. Muuzaji wa spea asiyejua namba hizi nne auze kitu kingine.

Halafu zile baiskeli mpya zinazong'aa, springi mbele, springi katikati, rangi tatu, gia 21, diski mbele na nyuma. Mzazi anaingia dukani anataka baiskeli ya mlimani kwa kijana wake, anauziwa ile. Fremu ni chuma kizito, springi ya katikati haina kitu cha kuizuia, inaruka tu juu chini na kula nguvu zote za anayekanyaga. Diski ni bati. Tazama vizuri chini ya fremu, karibu na pedeli, au kwenye bomba la siti: nyingi ya hizo zina stika ndogo ya Kiingereza inayosema baiskeli hii haijatengenezwa kwa ajili ya njia zisizo za lami. Kiwanda kimejikinga. Muuzaji anaijua, nimemwona mmoja anaibandua kwa wembe mbele yangu huku anapanga baiskeli nje ya duka asubuhi. Kisha kijana anaipeleka Monduli Juu na wenzake.

Helmeti za mtumba nazo ziacheni kabisa. Foamu ya ndani inafanya kazi mara moja, ikishapigwa inabonyea na hairudi, hata kama ganda la juu halina mkwaruzo. Hujui ile ilivaliwa na nani Ulaya wala ilianguka wapi. Afadhali mpya ya bei ndogo yenye stika ya viwango vya usalama, EN 1078 au CPSC, ndani kuliko ya jina kubwa uliyoitoa kwenye bunda.

Nirudi kwenye breki maana ndizo zilizonifanya niandike.

Kwa anayeanza, na nasema hivi nikijua kuna wataalamu watakuja kunibishia: kama unaishi Arusha, Moshi, Lushoto, Mbeya, na huna mtu unayemwamini kwa breki za mafuta, nunua diski za kebo. Zipo nzuri. Avid BB7 zimetumika milimani duniani kote na watu hawana malalamiko nazo. Kebo ikikatika unapata nyingine kwenye duka lolote la spea hata kijijini, na yule mzee wa Ngaramtoni anakuwekea ukiwa umekaa pembeni unakunywa chai. Haishiki kwa ulaini kama ya mafuta, vidole vinachoka kwenye mteremko mrefu, nakubali. Mimi mbele nimeweka ya kebo na nimeamua ibaki hivyo.

Kwenye matairi, huku kwetu tyubulesi, tairi lisilo na tyubu ndani, si anasa. Ukitoka Kisongo kuelekea Monduli ni miiba ya migunga mwanzo mwisho, tyubu utaziba mpaka solusheni iishe. Ila yale maji ya kuziba ndani ya tairi yanakauka, kwa joto letu miezi michache tu yamekuwa utando, na kuna wanaouza chupa zilizokaa juani mpaka zimeganda. Tikisa chupa kabla hujalipa. Isipochezacheza ndani, rudisha.

Kile kipande kidogo cha aluminiamu kinachoshika deraila ya nyuma, ile inayohamisha cheni kwenye gia, nacho nunua cha akiba siku ileile unayonunua baiskeli. Kimetengenezwa kiwe laini makusudi, kipinde au kivunjike chenyewe ili fremu ipone. Fremu nyingi kila moja ina umbo lake na hapa mjini hukipati. Na fundi akikuchukulia spana akakinyoosha huku deraila bado imefungwa, mzuie mkono. Nimeona mtu anapindua deraila nzima hivyo, cheni ikaingia kwenye spoku njiani, gurudumu likafunga.

Wauzaji, najua ushuru upo, VAT ni asilimia 18, mzigo unakaa bandarini, wateja wanataka bei ya chini. Hayo tunayajua na tunalipa, wengine tunajinyima miezi kununua kifaa kimoja. Hatujawaomba mpunguze bei. Chupa ndogo ya mafuta ya minerali inatoa upepo kwenye breki nyingi sana, haiozi, haivuti unyevu wa hewani kama DOT, inaweza kukaa rafuni kwenu. Mtoze mteja gharama yake mara mbili kama mnataka, tutalipa. Kilichowashinda ni nini? Kwa nini ilikuwa rahisi kwenda duka la spea za magari jirani kununua kopo la DOT 4 kuliko kumwambia mteja "haya mafuta hatuna, rudi wiki ijayo"?

Sasa naomba michango yenye kazi. Aliyewahi kutengenezewa breki za mafuta Arusha au Moshi na fundi aliyemwonyesha chupa kabla ya kumimina, aje aseme ni mtaa gani. Anayeleta mafuta, diski au pedi halisi kutoka Nairobi au Dar kwa kiasi, aje PM, tuko wengi tunaweza kuchanga oda moja. Na kama breki yako imefunguliwa na mtu hivi karibuni, usisubiri Jumamosi. Legeza skrubu ya kutolea upepo leo, chovya tishu nyeupe, tazama rangi. Ikitoka ya manjano kwenye Shimano, usishuke nayo popote.