Hizi friji zisizo na milango za supamaketi kubwa, umeme wake analipa nani?

Wakuu, habari za jioni. Mods, msiuunganishe uzi huu na ule wa bei za vyakula, nataka nilalamike kwa nafasi.

Kuna supamaketi kubwa hapa Dar, jina naliacha. Ukuta mzima wa maziwa, mtindi na juisi ni friji za wazi, hazina mlango hata mmoja. Hewa ya baridi ni nzito, inamwagika chini hadi ukipita na ndala vidole vinakufa ganzi. Mashine inanguruma kufidia kilichomwagika, AC nayo inapambana na joto la Februari, na mlango wa mbele umeachwa wazi unapoza barabara. Kwangu mtoto akisimama mbele ya friji akiwaza achukue nini, anapigiwa kelele. LUKU haina huruma.

Nikamuuliza kijana anayepanga bidhaa, mbona hamweki vioo? "Bosi wangu, mteja akikuta mlango hanunui." Na kweli, hiyo ndiyo hoja ya maduka makubwa hata Ulaya. Jamani! Mangi wa mtaani kwetu friji lake lina mlango wa kioo, tena na kufuli, na soda zinaisha kila siku. Kinachoniudhi zaidi, usiku wakifunga wanashusha mapazia kwenye friji hizo hizo. Kumbe wanajua!

Ukifika kaunta, maji chupa moja, unapewa risiti ya EFD (hiyo sawa, ni sheria), halafu kikaratasi cha pointi, halafu tangazo la ofa iliyokwisha wiki iliyopita. Mlinzi anatoboa kimoja, vingine vinaishia kwenye ndoo pale pale mlangoni.

Halafu hao hao, tangu katazo la mifuko ya plastiki la Juni 1, 2019, wananiuzia mfuko huku wamebandika bango la kutunza mazingira. Ndani ya huo mfuko kuna ndizi walizozilaza kwenye trei na kuzivisha nailoni. Ndizi! Ganda lake lina kosa gani?

Mafundi friji mliomo humu, kuweka vioo ni shilingi ngapi ukilinganisha na bili yao ya mwezi? Na asije mtu kuniambia umeme ni wao, wanalipa wenyewe. Mtindi ule ule kwa Mangi bei iko chini.