Kwa nini albamu ya viwanja vya ndege ya Brian Eno haichoshi?

Msikilizaji wa Tudor

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Ninaomba maoni yenu kuhusu albamu ya Mwingereza Brian Eno iitwayo *Ambient 1: Music for Airports*, iliyotoka mwaka 1978, ambayo wapenzi wa muziki wa elektroniki huihesabu kuwa msingi wa mtindo unaoitwa ambienti. Ina vipande 4 tu, navyo havina hata majina. Vimepewa namba: 1/1, 2/1, 1/2 na 2/2, yaani kipande cha kwanza cha upande wa kwanza wa santuri, cha pili cha upande wa kwanza, na kuendelea.

Hamna ngoma humo, hamna mashairi, hamna kiitikio. Piano inagusa noti chache, inanyamaza, inarudi. Waimbaji wanavuta sauti moja ndefu kisha wanaiacha. Kwa vigezo tulivyolelewa navyo hapa Pwani, ambapo wimbo hupimwa kwanza kwa maneno yake, kazi hii ilipaswa kunichosha mapema sana, lakini nimekuwa nikiirudia kwa miaka.

Sitaki tubishane kama ni nzuri au si nzuri. Ninachotaka kujua ni sababu ya kudumu kwake. Siku hizi mtu akifungua simu anapata bure saa 10 mfululizo za sauti laini za kulalia, nyingine mpya zinapakiwa kila siku, na nyingi zinafuata njia ileile aliyoipita Eno. Kwa nini basi watu wanarudi kwenye dakika zisizofika 50 zilizorekodiwa kwa tepu zaidi ya miaka 40 iliyopita? Ningependa hasa kuwasikia mafundi wa sauti, na pia wale wasioipenda.

Fundi wa Bondeni

Kaka, nitakujibu kwa upande ninaoufahamu, ambao ni upande wa tepu, kwa kuwa kazi hii nilijifunza enzi za mashine zenye magurudumu mawili makubwa, kabla kompyuta hazijaingia studio.

Tuchukue 2/1, kile cha sauti za watu. Eno alieleza katika mhadhara wake wa mwaka 1996 kwamba noti zile ziliimbwa na wanawake watatu pamoja na yeye mwenyewe. Kila noti ilirekodiwa peke yake, tepu yake ikakatwa na kuunganishwa ncha kwa ncha, ikawa kitanzi kinachozunguka bila kukoma. Kimoja kilirudi kila baada ya sekunde 23 na nusu. Kingine, kwa makadirio yake, sekunde 25 na 7/8. Kingine tena sekunde 29 na 15/16. Aliviachia vizunguke, kila kimoja kwa muda wake, akarekodi kilichotokea.

Aliyewahi kushika tepu ataelewa ugumu wa jambo hili. Kwa kasi ya inchi 15 kwa sekunde, ambayo ni ya kawaida studioni, sekunde 23 na nusu ni tepu yenye urefu wa karibu mita 9. Hakuna mashine inayobeba kitanzi cha urefu huo, kwa hiyo katika studio ya mtayarishaji wa muziki Conny Plank nchini Ujerumani tepu ilizungushwa kwenye viti vya mabomba ya alumini. Ukiikaza mno inavutika. Ukiilegeza, inapepea mbele ya kichwa cha kusomea na sauti inayumba. Pale kwenye kiungo nako unakata kwa wembe kwa mshazari, wala si wima, ili noti ipite bila kugonga. Ninawaambia vijana wanaokuja kwangu kujifunza kwamba kazi hii inasikika ya uvivu, kumbe imejaa jasho.

Sasa nije kwenye swali lako. Nilichukua kalamu nikapiga hesabu: kwa vipimo hivyo alivyovitaja, vitanzi vitatu vikianza pamoja, havitaanza tena pamoja mpaka zipite karibu siku 27. Kipande chenyewe kina dakika 9 hivi, kwa hiyo tunachosikia ni sehemu ndogo mno ya muziki ambao haungejirudia kwa karibu mwezi mzima. Zile saa 10 za kwenye simu mara nyingi ni dakika chache zilizonakiliwa mfululizo, na sikio hulitambua hilo hata kama mwenye sikio hana habari. Likishajua kinachofuata, linaacha kusikiliza na kuanza kuvumilia tu.

Mashine pekee haitoshi, hata hivyo. Kipande cha 1/1, chenye dakika zaidi ya 17, kilitokana na wanamuziki waliokuwa wakicheza bila kupanga, mmojawapo akiwa Robert Wyatt kwenye piano. Katika rekodi hiyo Eno aligundua mahali pafupi ambapo piano mbili, bila wapigaji kujuana wanapiga nini, zilikuwa zimeshikana vizuri. Akapakata, akapafanya kitanzi, kisha akaona panapendeza zaidi pakipigwa kwa nusu ya kasi. Ndiyo maana piano ile ina uzito usio wa kawaida: kila noti inakufa taratibu kuliko piano yoyote utakayoigusa kwa mkono. Hesabu ya tepu iliuzuia muziki usikinaishe. Kilichowekwa kwenye tepu kilichaguliwa na mtu mwenye sikio kali.

Bint Kibokoni

Nakushukuru, fundi. Maelezo yako ya vitanzi yamenipeleka mbali na studio. Ninaishi Mji wa Kale, na alfajiri misikiti ya jirani haianzi kuadhini kwa sekunde moja. Mmoja huanza, wa pili huingia kabla wa kwanza hajamaliza, wa tatu husikika kwa mbali baina yao, na mpishano huo hauwi sawa siku mbili mfululizo ingawa maneno ni yaleyale. Nilipoisikia 2/1 kwa mara ya kwanza sikuona ugeni wowote katika namna sauti zinavyopishana.

Jambo ambalo halijatajwa ni mahali. Eno alipata wazo hili katikati ya miaka ya 1970 akiwa anasubiri katika uwanja wa ndege wa Köln-Bonn, jengo zuri lililokuwa likipigiwa muziki usiolistahili. Alijiwekea masharti ambayo, kwa maoni yangu, yanaeleza mengi kuhusu udumu wa albamu: muziki wa mahali kama pale lazima uweze kukatizwa, kwa sababu matangazo yatakuja, lazima usigombee nafasi na sauti za watu wanaozungumza wala usiende kwa mwendo wa mazungumzo yao, lazima uzipokee kelele za jengo, na lazima uhusiane na kilichompeleka mtu pale, ikiwemo hofu ya kupanda ndege, ambayo kila abiria anayo na hakuna anayeitaja.

Nimeyajaribu masharti hayo Likoni, nikisubiri feri na spika za masikioni za bei rahisi, kukiwa na joto, honi za matatu, tangazo la kuwataka watu warudi nyuma ya kizuizi na mchuuzi wa njugu anayepita akigonga bati lake. Wimbo wa kawaida ungekuwa umeharibika. Hii haikuharibika. Tangazo liliingia kati ya noti mbili likatoka, nayo noti ya tatu ikaja kwa wakati wake. Kazi iliyotengenezwa tangu mwanzo ikijua kwamba itaingiliwa haizeeki kwa urahisi, kwani mazingira ya msikilizaji yanapobadilika, yenyewe ina nafasi ya kuyapokea. Niongeze kwamba ilipigwa kweli katika jengo moja la uwanja wa LaGuardia, New York, kwa muda fulani miaka ya 1980, kwa hiyo jina lake si la utani.

Mzee wa Kuze

Wanangu, nimewasoma kwa makini, na kwa kuwa mleta mada amewaalika wasioipenda, nami nitasema yangu.

Kwanza, Bint Kibokoni, mfano wako wa adhana nimeuelewa lakini siukubali, na sababu yangu haiishii kwenye heshima ya dini. Adhana ni wito. Ina maneno, ina anayeitwa, na anayeisikia ana jambo la kufanya. Muziki huu haumwiti mtu. Mnausifu kwa kuwa unaweza kupuuzwa, na bwana huyo mwenyewe aliandika kwenye jalada la santuri yake kwamba muziki wa aina hii uwe wa kupuuzika kwa kiasi kilekile unachovutia. Mimi ninauliza, kazi inayokupa ruhusa ya kutoisikiliza ina dai gani juu yako?

Sisi tulikulia kwenye taarabu. Nyimbo za Juma Bhalo zilidumu kwa sababu watu walibishana barazani juu ya fumbo la kila ubeti: amekusudiwa nani, na jibu litatoka kwa nani. Hata udi wa Zein l'Abdin, ambao ungeweza kusema ni sauti tupu pale anapoanza kabla ya maneno, unakwenda mahali. Msikilizaji anajua anatayarishwa kwa wimbo. Hiki mnachokisifu hakimtayarishi mtu kwa lolote. Ninashuku kuwa jina la mtu ndilo lililoibeba albamu. Eno alikuwa ametokea bendi ya Roxy Music, na mwaka 1977 alikuwa ameshafanya kazi na David Bowie. Angekuwa fundi asiyejulikana, mngekuwa mnaijadili leo?

Karani wa Kilindini

Shikamoo, mzee wangu. Kwa idhini yako nitakupinga kwenye jina, kisha nitakuunga mkono kwenye wito, kwa sababu nadhani hapo umeligusa jibu lenyewe.

Jina huiuza albamu mwaka wake wa kwanza. Haliwezi kuifanya ipigwe na watu wengine miaka 20 baadaye. Mwaka 1998 kundi la Bang on a Can la Marekani lilitoa rekodi ya albamu hii nzima ikipigwa kwa ala za mikono, yaani mambo yaliyotokea kwenye tepu kwa bahati yaliandikwa noti kwa noti ili binadamu wayapige. Ukiondoa tepu, ukaondoa viti vya alumini, ukamwondoa na Eno mwenyewe, bado kinabaki kitu cha kusikiliza. Muziki uliobebwa na jina tu haungestahimili kuhamishwa namna hiyo.

Ama kuhusu wito, ni kweli, mzee, haumwiti mtu. Lakini muziki wa madukani na wa lifti unaita, tena unadanganya: umesuguliwa mpaka kila shaka imetoka, ukakuchangamsha usichoke kununua. Kwenye jalada hilohilo ulilolitaja, Eno aliilaumu kampuni ya Muzak kwa jambo hili, akasema kwamba yeye anakusudia kuibakiza shaka, ili mtu apate utulivu na nafasi ya kufikiri. Sikiliza 1/1 kwa sikio la taarabu, utaona kwamba sentensi ya piano haifungi. Inaishia palipobaki swali, inakaa kimya, inaanza tena. Sauti za kulalia za kwenye simu hazithubutu kufanya hivyo, maana lengo lao ni moja, ulale. Hapa kuna huzuni ndogo isiyoelezwa, na kwa kuwa haielezwi, kila mtu anaiweka yake.

Ninafanya kazi za forodha, na zamu ya usiku hujaa orodha za kontena ambazo tarakimu moja ikikosewa mzigo unakwama. Taarabu siwezi kuipiga saa hizo, kwa sababu ileile uliyoisifia: maneno yatanivuta. Albamu hii hukaa chini ya kazi kwa muda mrefu, halafu ninapoinua macho kwenye skrini ndipo sauti za 1/2, piano na waimbaji pamoja, zinakuwa mbele. Hakuna aliyenilazimisha kuzisikia, na hilo lenyewe lina raha yake.

Mzee wa Kuze

Marahaba, mwanangu. Hoja ya shaka ina uzito, na nitaisikiliza tena 1/1 kwa sikio hilo. Bado ninasema kwamba kitu cha kukaa chini ya kazi ni kimoja na kitu cha kukaa nacho ni kingine, wala sijasikia humu aliyezima taa, akaacha shughuli zake na kuisikiliza mwanzo hadi mwisho.

Msikilizaji wa Tudor

Mimi huisikiliza hivyo, mzee wangu, sebuleni, bila simu mkononi. Nakubali kwamba katikati ya 2/1 akili hutoka ikaenda zake. Hurudi, na inaporudi huikuta sauti ikiwa mahali ambapo haikuwapo. Nadhani hesabu ya fundi ndiyo inayofanya kazi hapo.

Nina swali dogo kwake kabla sijanunua nakala: 2/2 niliyonayo, ile ya sinthesaiza peke yake, inakwisha ghafla kuliko niliyoisikia kwa rafiki. Tatizo liko kwenye nakala yangu?

Fundi wa Bondeni

Nakala yako haina tatizo, kaka. Bila shaka imetolewa kwenye santuri ya awali, ambapo 2/2 ina takriban dakika 6. Kwenye diski za baadaye imeachwa iende zaidi ya dakika 9. Nunua hiyo ndefu. Na usiipige kwa sauti kubwa: ipandishe mpaka uisikie juu ya feni, kisha uiache hapo.