Maombi 31 ya mafunzo kwenye kampuni za mawakili wa biashara, sijaitwa usaili hata mmoja. Naombeni ushauri

Kalamu_Jioni
Habari zenu wakuu. Nasoma sheria mwaka wa pili hapa Uingereza na nimekwama. Tangu Septemba nimeomba nafasi kwenye kampuni 31 za mawakili wa biashara. Nyingine ni mafunzo mafupi ya likizo, nyingine ni mkataba wenyewe wa mafunzo wa miaka miwili kabla ya kuwa wakili. Kampuni 26 zimenikatalia, nne kimya, moja ilinipa mtandaoni Watson Glaser, ule mtihani wa kupima uwezo wa kufikiri na kuchambua hoja, nikaanguka.

Darasani siko vibaya. Ila kwetu hakuna wakili, na sijawahi kukaa ofisi ya sheria hata siku moja. Kazi yangu ni ghalani, Jumamosi na Jumapili, maana visa ya mwanafunzi inaniruhusu saa 20 tu kwa wiki wakati wa masomo. Ghala sikulitaja popote kwenye fomu, niliona halihusiani na sheria. Nimeanza kujiuliza kama kazi hii ni ya watu wengine. Nakosea wapi?

Hoja_Nzito
Pole sana mdogo wangu. Mimi nilimaliza mafunzo hayo miaka kadhaa iliyopita na nimekaa kwenye meza ya kusoma fomu za wanaoomba. Tubandikie hapa jibu lako la swali la "kwa nini kampuni yetu". Usilirekebishe kwanza.

Kalamu_Jioni
Asante kaka. Hili hapa: "Navutiwa na kampuni yenu kwa sababu ni kinara duniani, ina wateja wakubwa, utamaduni wa kushirikiana na mafunzo bora kwa mawakili chipukizi."

Hoja_Nzito
Ugonjwa tumeupata. Sentensi hiyo inaingia kwenye fomu zote 31 bila kubadilisha neno, na msomaji analiona hilo kabla hajafika kwenye nukta. Haijasema uongo, lakini haijasema chochote kuhusu kampuni wala kuhusu wewe.

Chukua kampuni moja. Soma taarifa zake za miamala ya karibuni, chagua mmoja, kisha jiulize mawakili walifanya nini hasa pale. Nani alikuwa ananunua na nani anauza? Fedha zilitoka benki au kwa wawekezaji? Kulikuwa na mamlaka ya ushindani ya kuombwa kibali? Ukiweza kueleza hayo kwa sentensi tatu, halafu ukaunganisha na kitu ulichokifanya mwenyewe, umeshawaacha wengi nyuma.

Na angalia majina. Allen & Overy iliungana na Shearman & Sterling Mei 2024, sasa ni A&O Shearman. Freshfields nayo mwaka huohuo iliacha kutumia jina lake refu. Anayetuma barua yenye jina la zamani anajitangaza kwamba amenakili mahali.

Tuma_Tu
Mimi naona tofauti. Nilituma maombi zaidi ya 40 na nafasi niliipata kwenye kampuni ambayo sikuitegemea kabisa. Nyingine zinasoma fomu kadiri zinavyoingia, hazisubiri tarehe ya mwisho, kwa hiyo ukikaa kupiga msasa wiki tatu unakuta viti vimejaa. Wahi na tuma nyingi.

Hoja_Nzito
Kuwahi nakubali kabisa. Hilo la wingi ndilo siliafiki. Yeye ameshatuma 31, wingi haujamsaidia.

Bandari_Salama
Dada (au kaka, samahani), hebu turudi kwenye ghala, maana hapo umefukia dhahabu yako mwenyewe. Kila usaili utaulizwa kuhusu uelewa wa biashara, na wengi wanakariri vichwa vya habari. Wewe unaishika biashara kwa mikono kila wikendi.

Mfano. Machi 2021 meli ya Ever Given ilikwama Mfereji wa Suez siku sita. Magazeti yaliandika foleni ya meli. Wakili wa biashara aliona mengine: nani analipa mzigo ukichelewa? Mkataba wa mauzo ulihamisha hatari kwa mnunuzi lini? Mwenye meli alitumia kanuni ya zamani ya baharini inayowataka wenye mizigo wachangie gharama za kuokoa safari, na watu wenye bidhaa ndani ya makontena wakatakiwa kutoa dhamana kabla ya kukabidhiwa mali yao. Meli yenyewe ilizuiliwa hadi Julai, mpaka makubaliano na mamlaka ya mfereji yalipofikiwa.

Ghalani kwenu mzigo ukifika umepungua, mnafanya nini? Nani anasaini? Mnamdai nani? Hiyo ni sheria ya mikataba, na wewe umeiona ikiwa na vumbi juu yake.

Kalamu_Jioni
Mimi ni dada. Mzigo ukipungua tunaandika kwenye hati ya kupokelea mbele ya dereva na yeye anasaini, la sivyo msafirishaji anakataa madai. Mwezi wa kumi nilikataa kusaini mzigo uliopungua maboksi 14. Dereva alikasirika sana, lakini msimamizi alinishukuru baadaye. Sikuwahi kufikiri hilo ni la kuandika.

Bandari_Salama
Dada yangu, hilo ndilo la kuandika.

Mama_Wawili
Mimi nigusie Watson Glaser kwa sababu niliufeli mara mbili kabla ya kuuelewa. Una sehemu tano, na inayoangusha wengi ni ile ya kupima hitimisho, ambapo unachagua kati ya kweli, huenda kweli, taarifa hazitoshi, huenda si kweli, na si kweli. Ukiambiwa mauzo yalishuka baada ya bei kupanda, usikimbilie kusema wateja walikasirika. Maandishi hayajasema. Mtu mwenye akili nyingi anaanguka hapo kwa sababu anajaza mapengo kwa anayoyajua. Fanya mazoezi, na kila jibu ulilokosa andika kwa maneno yako ni neno gani uliliongeza ambalo halikuwepo.

Na usifikiri mkataba wa mafunzo ndio mlango pekee. Tangu Septemba 2021 kuna njia ya SQE, yaani mtihani wa kufuzu uwakili: unahitaji miaka miwili ya uzoefu wa kazi za kisheria, na unaweza kuikusanya kwenye sehemu zisizozidi nne, hata kliniki ya sheria ya chuo (pale wanafunzi wanaposaidia watu kwa ushauri wa kisheria) ikiwemo, mradi athibitishe anayestahili kuthibitisha. Mtihani si mchezo, sehemu ya kwanza, SQE1, peke yake ina maswali 360. Lakini jiunge na kliniki sasa hivi, usingoje kukataliwa tena.

Hoja_Nzito
Nyongeza moja: kwa sababu uko kwa visa, kabla hujajaza fomu angalia kama kampuni ina leseni ya kudhamini wafanyakazi wa kigeni. Orodha iko wazi kwenye tovuti ya serikali. Kuwa na leseni hakumaanishi watakudhamini wewe, kwa hiyo waandikie watu wa ajira uwaulize moja kwa moja.

Kalamu_Jioni
Nimeangalia orodha usiku huu. Kati ya zile 31, tatu hazimo kabisa. Nilipoteza wikendi nzima kwa hizo tatu.

Nimebakiza kampuni sita ambazo dirisha bado liko wazi, zote zina kazi za usafirishaji na biashara ya bidhaa. Kliniki ya chuo nimeiandikia. Na hii ndiyo aya mpya, naomba muikosoe bila huruma: "Oktoba nilikataa kusaini hati ya mzigo uliopungua maboksi 14, nikijua sahihi yangu ingeifungia kampuni yetu njia ya kudai. Nataka kujifunza kuandika mkataba unaomlinda mtu anayesimama pale mlangoni na kalamu."

Hoja_Nzito
Ondoa "nikijua", weka "kwa sababu". Kisha itume kabla ya Ijumaa.