Mananasi ya Shangazi na saida ya sendoff

Shangazi Paulina: Tumsifu Yesu Kristo, na wale wengine asalaam aleikum. Wanangu huku Kiwangwa mananasi yameiva yote kwa mpigo, mnunuzi kaja kabeba nusu kaondoka, yaliyobaki yanalainika shambani naona uchungu. Juzi Vero alikuwa anasema habari ya kutengeneza kinywaji nyumbani kwa ajili ya sendoff, sasa nani anajua vizuri aniambie nitenge mangapi

Vero: Milele amina shangazi, shikamoo. Ni kweli nilisema, nataka saida, ile pombe nyepesi ya matunda yenye gesi, kama ya dukani ila iwe ya nanasi, na wengine humu wananiulizia bia. Kaka Deo ndo mwenyewe, anatengeneza kwake Nianjema siku zote

Deo: Shikamoo shangazi. Shikamooni wakubwa wote. Tenga 30 makubwa, nanasi kubwa likimenywa na kukamuliwa halifikishi lita moja ya juisi, na mimi nataka lita 16 kwenye ndoo ya lita 20. Usijaze ndoo mdogo wangu Vero, nanasi linatoa povu sana siku mbili za kwanza, lisipopata nafasi linatokea kwenye kifuniko

Shangazi Paulina: Marahaba baba. 30 sawa

Frenki: kaka lakini saida si ya epo? nanasi litakuwa saida kweli

Deo: Asili yake ni tufaha ndiyo, kule Uingereza mikoa kama Somerset na Herefordshire wana matufaha maalum ya saida, mengine makali na machungu huwezi kuyala hivihivi, wanayapanda kwa kukamua tu. Sisi matufaha mengi yanatoka nje yanauzwa moja moja, ukisema ukamue lita 16 hela ya sendoff yote inaishia sokoni. Kazi ni ileile, hamira inakula sukari ya tunda inatoa kilevi na gesi, basi. Juisi ya nanasi sukari yake haipishani sana na ya tufaha, gramu kumi na kitu kwenye kila mililita 100, kwahiyo bila kuongeza hata kijiko cha sukari unapata kilevi asilimia 5 au 6 hivi, kama bia ya dukani au juu yake kidogo. Inatosha kabisa. Watu wanaoanza wanapenda kumimina kilo mbili za sukari ili iwe kali, inakuwa kali kweli na haina ladha yoyote ya nanasi

Deo: Na kama mtu anataka ya tufaha hasa anaweza kutumia juisi ya boksi, ila asome pembeni ya boksi, ikiandikwa sorbate au benzoate au namba E202 au E211 aache, hiyo ni dawa ya kuzuia isichache na hamira haitafanya kitu humo

Mjomba Shabani: Mimi nauliza. Nimekua naona wagema hapa Kaole, mnazi ukigemwa asubuhi ni mtamu watoto wanakunywa, jioni mkali, kesho kutwa siki. Hakuna aliyekuwa ananunua hamira. Nyie hamira ya nini

Deo: Shikamoo mjomba, umegusa penyewe. Mnazi una hamira yake ya asili, ipo kwenye kata, ipo kwenye kibuyu, ipo hewani, ndo maana unaanza kuchemka ukiwa bado juu ya mti. Na hao wanaougeuza siki ni wadudu wengine kabisa, wao wanahitaji hewa ili wafanye kazi. Mnazi hauna shida kwasababu unanyweka siku hiyohiyo. Saida inakaa wiki tatu kwenye ndoo na miezi kwenye chupa, kwahiyo nafanya mambo mawili, naweka hamira moja ninayoijua iwahi kushika juisi yote kabla ya wengine, halafu nafunga hewa ya nje isiingie wakati gesi ya ndani inatoka. Ukiacha ndoo wazi inaishia kulekule kwenye siki ya mnazi

Mjomba Shabani: Marahaba. Hapo nimekuelewa

Vero: inafungwaje sasa na gesi itoke

Deo: Toboa kifuniko, pitisha mpira wa dripu, unauzwa duka la dawa, ziba pembeni na nta ya mshumaa, mwisho wa mpira uzamishe kwenye chupa ya maji. Utaona bulububulu. Ila ndoo iwe ya chakula, jamani naomba sana hili, msiniletee ndoo ya rangi iliyooshwa, harufu ya rangi haitoki kwenye plastiki hata uoshe mwaka mzima

Usafi ndo kazi yenyewe, kuliko hata mapishi. Kila kinachogusa juisi kioshwe kwa sabuni kwanza kitakate, halafu kilowe dakika 20 kwenye maji yenye Jik, kijiko kimoja cha chakula kwa lita 4, kisha suuza na maji yaliyochemshwa mpaka harufu iishe kabisa. Jik usiichanganye na siki wala ndimu hata tone, inatoa hewa ya sumu. Juisi yenyewe ichuje na kitambaa safi, ipashe moto itoe mvuke bila kuchemka dakika 10 hivi, funika iache ipoe. Isiguswe na hamira mpaka ukiishika sufuria kwa nje haichomi wala haina vuguvugu, ikiwa ya moto utaiua hamira

Vero: hamira ya mandazi inafaa?

Deo: Inafaa kwa maana itachemka, ila saida itanukia mkate na machicha yake hayatulii chini vizuri, ukimimina yanapanda. Mimi natumia ya mvinyo, EC-1118, inavumilia mpaka digrii 30 na pakiti ya gramu 5 inatosha ndoo nzima. Ninayo, nitakuletea

Na hapo kwenye joto ndo Bagamoyo yetu inapotupa kazi. Juisi ikichacha kwenye joto kali hamira inahangaika, inatoa harufu kama ya rangi ya kucha na mtu akinywa anaamka na kichwa kizito. Ndoo ikae sakafuni kwenye saruji chumba chenye kivuli, ndani ya beseni lenye maji, izungushie khanga iliyolowa ncha zake ziguse maji, upepo ukipita inapoa yenyewe. Mchana weka chupa mbili za maji yaliyoganda kwenye beseni. Mimi nafanya hivyo hata mwezi wa pili, inatoka safi

Wifi Zuhura: Asalaam aleikum. Nimewasoma toka juu. Sie wengine kilevi hatutumii na Vero unajua nusu ya wageni ni upande wetu, mtufanyie basi tangawizi ya chupa yenye gesi, ile si haina kilevi?

Deo: Waaleikum salaam shemeji. Hapana, sikufichi, tangawizi ikiwekewa hamira ili ipate gesi lazima itoe na kilevi, hata kama ni kidogo, na ikikaa kwenye joto inazidi kupanda. Siwezi kukuwekea hiyo mezani nikakwambia ni salama kwako. Nzuri ni hii, tangawizi mbichi isagwe ichemshwe na sukari na mdalasini iwe nzito, ichujwe ipoe ikae friji, siku yenyewe unachanganya na soda maji pale pale. Gesi ipo, hamira hakuna. Na vyombo viwe mbali kabisa na vya saida, majagi yenu, chujio lenu, muweke wenyewe

Wifi Zuhura: Ahsante sana shemeji kwa kusema wazi. Majagi ninayo mimi, na tangawizi nitachemsha mwenyewe na wifi yangu

Vero: 🙏🏾 nakuja kwako wifi

Frenki: bia je kaka, mi nilikuwa nimejipanga na bia

Deo: Bia ni safari ndefu Frenki. Juisi inakuja na sukari yake, nafaka haiji nayo, sukari ipo ndani imejifunga. Shayiri inalowekwa inaota inakaushwa inakuwa kimea, kimea kinasagwa kinakaa kwenye maji ya digrii 65 mpaka 68 saa nzima, hapo wanga unageuka sukari. Ukizidisha joto vile vinavyogeuza wanga vinaungua, ukipunguza vinazembea. Halafu unachuja, unachemsha tena saa nzima na hopsi, hayo ni maua yanayoleta ule uchungu na yanasaidia bia isiharibike, unapoza haraka, ndo unaweka hamira. Kuna kimea cha kopo kinaruka hatua ya kwanza, kwa anayeanza hicho ndo changu cha kwanza, ila hapa mjini hukipati kirahisi

Na bia unayoizoea baa ni laga, hamira yake inataka digrii 8 mpaka 13, bila friji ya peke yake usijaribu. Kuna hamira moja ya vijijini Norway inaitwa kveik, hiyo inafanya kazi vizuri kwenye 30 mpaka karibu 40, yaani kama imeumbwa kwa ajili ya pwani. Tukianza bia tutaanza na hiyo

Binamu Asha: Shikamooni. Shuleni tulisoma Wabavaria kule Ujerumani mwaka 1516 walitunga sheria bia iwe shayiri, hopsi na maji tu, hamira haikutajwa. Walikuwa wanaitumia hawajui ni nini, mpaka karne ya 19 Pasteur ndo akaonyesha kwamba ni kiumbe hai kinachofanya hiyo kazi

Deo: Marahaba Asha, vizuri sana

Frenki: tungeotesha mtama wetu tukafanya kimea, mbona Wachaga mbege wanatumia ulezi

Deo: Inawezekana ila siyo kwa haraka ya sendoff. Mtama ukiota, ile michipukizi ina kitu kinachotoa sumu, lazima ukaushe vizuri uipukuse yote uitupe. Na hewa yetu ya unyevu, nafaka mbichi ikikaa siku mbili tatu inashika ukungu, hapo ni sumukuvu na hiyo haiondoki hata uchemshe. Wenye uzoefu wa mbege wana macho ya kuijua. Sisi tuanze na nanasi

Mjomba Shabani: Na haya mambo ya watu kupofuka macho? Msije mkaua watu kwenye shughuli

Deo: Mjomba ile ni gongo, na hasa gongo lililochanganywa na spiriti ya viwandani. Sumu inaitwa methanoli. Kwenye tunda lililochacha tu ipo kidogo mno, haina madhara hayo. Hatari ni mtu akitonesha, yaani kuchemsha pombe na kukusanya mvuke wake, bila ujuzi au akiongeza vitu. Humu hakuna mtu atakayetonesha kitu, ni hatari na sheria hairuhusu kutonesha bila kibali. Na kuuza pia hatuuzi, kuuza kuna leseni yake. Tunatengeneza tunakunywa wenyewe

Mjomba Shabani: Sawa. Nimeridhika

Vero: sasa chupa kaka, nimeshaanza kukusanya, nina za bia, za wine, na zile bapa za pombe kali

Deo: Za wine na bapa toa zote mdogo wangu. Hapa naomba kila mtu asome taratibu kwasababu ndo mahali watu wanapoumia.

Gramu 4 za sukari kwenye lita moja zinatoa gesi karibu lita moja nzima. Saida nzuri yenye mapovu inataka kama gramu 7 kwa lita. Sasa mtu kaona ndoo imepungua kuchemka siku ya sita, kaonja bado ina utamu, kasema hii tamu nzuri nafunga hivihivi. Ule utamu ni sukari, tuseme imebaki gramu 40 kwa lita, hizo ni lita 10 za gesi anataka zikae kwenye chupa ya lita moja. Kioo kinapasuka, na hakipasuki polepole, vipande vinaruka chumba kizima. Chupa ya wine ya kawaida haikutengenezwa kubeba gesi kabisa, bapa ndo usiseme.

Kwahiyo hatufungi mpaka ichachuke yote, iwe kavu, ukionja hakuna utamu hata wa mbali. Bulububulu kuisha peke yake siyo ushahidi, baridi ikipiga inasimama halafu inaanza tena. Ushahidi ni haidromita, kile kioo kinachoelea, kinapima uzito wa juisi ukilinganisha na maji ambayo ni 1.000, sukari ikiliwa namba inashuka. Juisi itaanza kwenye 1.045 au 1.050, itashuka mpaka 1.000 au chini yake. Isome ile ile siku tatu mfululizo haijasogea, hapo imekufa. Kwa hesabu yangu wiki mbili mpaka tatu.

Vero: na mimi napenda ya tamu

Deo: Ya tamu unaongeza kwenye glasi, sirapu kidogo ya nanasi unamimina saida juu. Au stevia, hamira haiwezi kuila. Sukari ya kawaida kwenye chupa ni ile ya gesi tu, kijiko cha chai kimoja cha kusawazisha kwa chupa ya nusu lita, usikipandishe kilima.

Na kwa mara ya kwanza mimi nashauri chupa za plastiki za soda, zile za soda hasa, za maji ni laini mno. Zikusanye, osha, lowesha, badilisha zenye kifuniko kilicholegea. Uzuri wake unaziminya. Siku ya kwanza inabonyea, baada ya wiki moja kwa joto letu inakuwa ngumu kama soda mpya, hapo unahamishia friji zote. Ikiwa ngumu mpaka kitako kinavimba unafungua kifuniko robo tu itoe pumzi, unafunga. Kioo hakikupi nafasi hiyo. Ukilazimika kutumia kioo chukua za bia zile nzito za kurudisha, zisiwe na ufa wala mdomo uliomeguka, na upate mashine ya kufungia vizibo, vizibo viwe vipya

Frenki: haidromita nitaiulizia Kariakoo kesho kwenye maduka ya vifaa vya maabara, nipo Dar mpaka Ijumaa. mpira wa dripu nichukue mingapi

Deo: Miwili, mmoja wa kifuniko mmoja wa kumiminia. Wakati wa kujaza chupa usimwage kwa jagi, hewa inaingia ladha inakuwa kama boksi lililolowa. Mpira ufike mpaka chini ya chupa, kinywaji kipande taratibu, na mwisho wa juu usiguse machicha ya chini ya ndoo. Acha vidole viwili chini ya mdomo

Vero: sendoff ni mwisho wa mwezi ujao, tutawahi?

Deo: Tukikamua Jumamosi hii tunawahi, wiki tatu ndoo, moja na nusu chupa, siku zilizobaki chupa zikae friji zitulie. Tukisogeza mpaka Jumamosi ijayo siahidi, na siwezi kufunga mapema kwasababu ya tarehe

Shangazi Paulina: Basi 30 nimeshatenga yapo kivulini, na matano ya kula. Jumamosi nampa dereva wa gari za Msata, mmoja wenu awepo stendi saa nne asubuhi asiyaache juani

Frenki: nitakuwepo shangazi, na toroli

Shangazi Paulina: Na maganda msitupe, mnirudishie gunia la mbuzi

Vero: sawa shangazi. Kaka ndoo nimepata ya mafuta ya kula, inafaa?

Deo: Inafaa, ioshe na maji ya moto na sabuni mpaka isiteleze ukipitisha kidole. Nipigie picha ya ndani nione