Mfanyakazi kanisema kwenye grupu la kazi. Nimjibu hapo hapo au nimwite ofisini?

Bosi wa Dagaa:
Habari za usiku wakuu. Nina kampuni ndogo ya dagaa hapa Kirumba, Mwanza, watu 38 pamoja na vibarua wa chanja za kuanikia. Mzigo unashuka soko la Mwaloni kutoka visiwani, tunachambua, tunaanika tena wenye unyevu, tunafunga, Fuso inaondoka.

Juzi dada mmoja wa upakiaji, mwaka wake wa nne kwetu, kaandika kwenye WhatsApp ya kazi, na mimi nimo: "Bosi anatuita familia. Familia gani inapakia viroba mpaka saa nane usiku, inapewa 5,000, na yote inaishia kwa bodaboda wa kunifikisha Igoma?" Watu 21 wakaweka dole gumba. Hakuna aliyeandika neno.

Nimeumia, sifichi. Mwaka jana mwanawe alipolazwa nilitoa hela yangu mfukoni. Nimeandika jibu mara tatu, nikafuta. Mhasibu anasema nimwachishe kazi, wengine wasije wakaiga. Mke wangu kaniuliza tu, "Alichosema ni uongo?" Nikakosa la kusema. Naombeni ushauri.

Mzee wa Nyegezi:
Mkuu, usimfukuze. Kwa sheria ya ajira ya 2004, ukimwachisha bila sababu halali na bila kumsikiliza, ana siku 30 za kufungua shauri CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na huko wewe ndiye utakayetakiwa kuthibitisha. Kabla hujajibu chochote fungua daftari la zamu. Mshahara wake shilingi ngapi, na walipakia saa ngapi mpaka saa ngapi?

Bosi wa Dagaa:
260,000. Mwezi uliopita usiku mara tatu, saa mbili mpaka saa nane.

Mzee wa Nyegezi:
Haya, tupige hesabu. Masaa 45 kwa wiki ni kama 195 kwa mwezi, kwa hiyo saa yake moja ni 1,333. Ya ziada ni mara moja na nusu: 2,000. Kuanzia saa mbili usiku kuna nyongeza ya asilimia 5: 2,100. Kwa masaa 6 ni 12,600, wewe umetoa 5,000. Kila usiku anakudai 7,600. Mara tatu, 22,800. Kuiita hiyo 5,000 posho hakufuti deni.

Binti Nyakato:
Shikamoo kaka. Nimefanya kazi kiwanda cha minofu ya sangara miaka sita. Mtu haanzii kwenye grupu. Lazima alishamwambia msimamizi, akajibiwa "nitafikisha", yakaishia hapo. Uliza.

Na hela ya mtoto nakuomba usiitaje. Bosi wetu aliwahi kunikumbusha mbele za watu alivyonichangia msibani. Kazi niliendelea nayo, ila tangu siku ile nikiona kitu kinaharibika nilinyamaza. Usimwite peke yake pia, mhasibu akiwa amekaa pembeni. Atajua kaitiwa kesi.

Msimamizi wa Zamu:
Mimi ningemwita. Ukianza kujibu kwenye grupu, kesho kila mwenye hasira atamalizia huko. Mlipe, lakini mwambie pia kuna utaratibu.

Bosi wa Dagaa:
Mrejesho. Msimamizi wangu hapa kazini kakiri aliambiwa mara mbili. Hakunifikishia, na mimi sikuwahi kuuliza. Utaratibu wa kumwambia aufuate ulikuwa upi sasa?

Nimeandika pale pale aliposemea: "Dada, nimepitia daftari. Ni kweli. Wapakiaji 11 tunawadai hamtudai. Samahani, nimekosea, ninyi ndio mnanidai. Kila mmoja 22,800, inalipwa leo. Fuso ikichelewa tena, gari la kampuni litawarudisha nyumbani." Nimeliacha na kosa lake, sikutaka kufuta tena.

Saa kumi jioni wote 11 walikuwa wameshasaini, jumla 250,800. Yeye kaandika: "Asante bosi. Bado glavu."

Nimetoka stoo sasa hivi. Nzima ziko pea nne. Asubuhi kabla ya kufungua napita mjini kununua.